Mwizi Aliyerudisha Nati

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, Mwalimu alifungua karakana ya marehemu baba yake akakuta injini haina silinda.

Ilikuwa injini ya mvuke ya kukaa mezani, mfano mdogo wa zile kubwa za zamani: boila ya shaba, gurudumu zito la chuma, na silinda ya bronzi yenye ukubwa wa kopo la maziwa. Baba yake aliianza miaka thelathini na minane iliyopita. Ilipobaki kidogo tu akaiacha, akaifunga kwenye gunia, na hakumwambia mtu sababu. Alifariki mwaka jana gunia likiwa bado chini ya meza. Mwalimu, binti yake, anayefundisha ukerezaji wa vyuma katika chuo cha ufundi, alikuwa na miezi minane akiihangaikia. Alikuwa amesugua kutu, amekereza ekseli mpya na kuziba boila mahali palipovuja. Kazi iliyobaki ilikuwa kufungua silinda, na siku yake ilikuwa hiyo Jumanne.

Mkuu wa kituo cha polisi alipopokea simu aliuliza kama ni silinda ya treni. Alipoambiwa ni ya injini ya mezani, alicheka mpaka akakohoa, kisha akamtuma Sajini, akimwambia arudi kabla ya chakula cha mchana. Sajini alikuwa mwanamke mfupi, mzito wa kuongea, ambaye wenzake walimchoka kwa sababu alikuwa akiuliza swali moja mara mbili. Alifika saa tano kasoro dakika kumi.

Mlango haukuvunjwa. Ufunguo ulikuwa mahali pake, juu ya fremu ya mlango, siri ambayo kila aliyewahi kunywa chai pale aliijua. Mikrometa, kipimo cha bei mbaya, ilikuwa mezani, haikuguswa. Boila, yenye shaba ambayo mnunuzi yeyote wa vyuma chakavu angeikimbilia, ilikuwepo pia. Silinda peke yake ndiyo iliyoondoka. Mahali ilipokaa palibaki karatasi ya kijivu iliyolowa mafuta na kugandia chuma, na bolti nne zimesimama wima.

Mwalimu alieleza kwamba karatasi ile ni gasketi, inayowekwa chini ya silinda ili mvuke usipenye. Alinyoosha mkono aikwangue, Sajini akamzuia. Kitu chochote kisiguswe, alisema, hata uchafu.

Kisha Sajini aliinama akazitazama zile bolti. Kila moja ilikuwa na nati yake juu, na washa, ile pete bapa ya chuma, chini ya nati.

"Hizi nati ulizirudisha wewe?"

"Sijagusa kitu, afande. Nimezikuta hivyo."

"Mwizi kafungua nati nne, kachukua silinda, halafu kakaa hapa kuzirudisha moja moja?"

Mwalimu alizitazama tena zile nati. Uso ulimbadilika, na Sajini akauona. Ilibidi aulize tena ndipo ajibiwe. Karakana kuu ya reli, alikofanya kazi baba yake, ilikuwa na mtindo wake: ukitoa kitu, nati inarudi kwenye bolti yake hapo hapo, kabla hujafanya jambo lingine, isije ikapotea. Aliyesahau alipigwa kofi la kisogo. Baba yake alimlea kwa kofi hilo hilo, na sasa vidole vyake huzirudisha hata akili ikiwa mbali.

"Ni nani mwingine mjini hapa aliyefundishwa hivyo?"

"Waliobaki hai ni wawili. Baba mkubwa na baba mdogo."

Hawakuwa ndugu zake wa damu. Baba mkubwa alikuwa mzee ambaye mji mzima ulimwita Mnyapara, kwa sababu alimaliza utumishi wake akiwa mnyapara mkuu wa karakana ile. Baba mdogo aliitwa Spana. Yeye alifukuzwa karakana hiyo hiyo akiwa kijana, kwa wizi. Marehemu alikuwa rafiki wa wote wawili mpaka kufa kwake.

Jumatatu saa nne, wote wawili walikuwa wamekuja kunywa chai, pamoja na kaka yake Mwalimu, ambaye ni kinyozi. Mwalimu alitangaza mbele yao kwamba kesho yake, akitoka darasani, atafungua silinda. Jumanne alikuwa chuoni kuanzia saa moja na nusu hadi saa nne, akifundisha wanafunzi ishirini na wawili, na Sajini alihakikisha hilo kwa simu kabla hajatoka pale. Mwizi alikuwa na nafasi ya saa mbili na nusu.

Sajini alianza na Kinyozi, maana ndiye aliyekuwa na sababu ya wazi. Alikuwa akikitaka chumba kile kwa saluni ya pili, na mara mbili alitishia kuitupa injini jalalani. Hakuficha. Alisema huku akimnyoa mteja kwamba angetaka kuiba angebeba mzigo mzima, na kwamba yeye hata nati inafunguliwa upande gani hajui. Wateja watatu walithibitisha kwamba hakutoka saluni asubuhi ile.

"Afande, unazunguka bure," alisema akipangusa wembe. "Mtu aliyefukuzwa kazi kwa wizi anakunywa chai kwetu kila siku, halafu kitu kinaibiwa. Wewe unaniuliza mimi?"

Spana alikuwa akiishi peke yake, katika chumba kimoja chenye kibaraza. Alimkaribisha Sajini chai. Alipoinua kikombe chake alikishika kwa mikono miwili, na bado chai ilimwagika kidogo kwenye sahani, kwani mkono wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Ulianza miaka sita iliyopita, alisema. Kwenye injini ile kazi yake ilikuwa kusugua na kusimulia.

Jumanne saa tatu alikwenda karakana, akabisha hodi, akakumbuka kwamba Mwalimu yuko darasani, akarudi zake. Ndiyo, jirani alimwona getini. Hapana, hakuna mtu anayeweza kuapa kwamba hakuingia.

Sajini hakuuliza habari za zamani. Spana alizitoa mwenyewe, kwa kuwa alijua kwamba zingefika. Alileta barua iliyohifadhiwa katika mfuko wa plastiki, ya tarehe mbili Oktoba, miaka thelathini na minane nyuma. Ilisema anafukuzwa kwa kuiba kipande cha bronzi, namba 417, wakati alipokuwa akishika ufunguo wa stoo. Tangazo kama hilo lilibandikwa ubaoni, karakana nzima ikalisoma. Mkewe aliondoka mwaka huo huo. Alipoomba kazi mahali pengine, swali lilikuwa moja.

"Sikuiba, afande. Mtu mmoja tu ndiye aliyeniamini, baba yake huyu binti. Ndiye aliyenitafutia vibarua, ndiye aliyewasomesha wanangu. Sasa hayupo. Mkinibandika hili la pili nani ataniamini? Wanangu wenyewe watasema, kumbe."

Sajini aliaga, na maneno hayo yalimkera njia nzima.

Kwa Mnyapara alipewa kiti chenye mto. Mzee alikuwa amenyooka, shati limepigwa pasi, kucha zimesuguliwa. Ukutani kulikuwa na barua ya chuo cha ufundi ikimwarifu kwamba mwezi ujao karakana yao mpya itafunguliwa kwa jina lake. Alisema kwamba Jumanne asubuhi alikuwa nyumbani peke yake, akisoma. Habari za silinda zilimsikitisha, maana aliikata yeye kwa mikono yake.

"Familia nzima inajua. Ilikuwa zawadi kwa baba yake huyu binti. Mtu asiyejua kukereza hawezi kukata bronzi vile."

"Nani kaichukua, mzee?"

Mnyapara alishusha pumzi. Alisema hapendi kumsema mwenzake. Alisema shida humvunja mtu, na mtu akishavunjika mara moja huwa mwepesi kuvunjika tena. Alisema hivyo kwa upole sana, na Sajini akaandika kila neno.

Jumatano saa moja na dakika tano asubuhi, simu ililia kituoni. Sauti isiyojitambulisha ilisema watazame sanduku lililoko kibarazani kwa Spana. Saa moja na nusu askari wawili walilifungua, wakaikuta silinda imeviringishwa kwenye kitambaa. Spana aliletwa kituoni akitembea katikati yao, na mtaa mzima ulitoka kutazama.

Mkuu wa kituo alifurahi. Alisema faili lifungwe mchana huo, na Spana afikishwe mahakamani Ijumaa. Sajini aliomba siku moja. Alipewa mpaka Alhamisi jioni, pamoja na mzaha kwamba huenda anataka kumtafuta dereva wa treni pia.

Kwanza alimuuliza Spana nani alifika kwake Jumanne jioni. Walifika wawili. Kinyozi alikuja kumtukana pale pale kibarazani. Mnyapara alikuja kumpa pole, akakaa kibarazani peke yake wakati Spana akichemsha maji. Kisha Sajini akaandika maelezo hayo, akampa kalamu atie sahihi. Mkono wa Spana uliruka, ukachora mstari uliokatisha ukurasa mzima. Mwishowe walitumia dole gumba.

Mwalimu aliitwa kuitambua mali yake. Aliigeuza silinda mara moja tu akaiweka mezani.

"Imesuguliwa kwa tupa huku chini," alisema. "Jana hiyo. Bronzi ya zamani huwa nyeusi, na hapa inang'aa."

Alichukua rula ya chuma, akaisimamisha juu ya ule uso uliosuguliwa, akainua vyote mbele ya dirisha. Akaigeuza rula upande mwingine, kisha pembe kwa pembe. Mwanga haukupenya popote. Sajini alitaka kujua maana yake. Mwalimu alieleza kwamba kunyoosha uso namna ile kwa tupa ya mkono ni kazi ambayo yeye mwenyewe huifanya kwa shida, na mwanafunzi wake bora hajaiweza. Mwizi anayetaka kufuta kitu chini ya silinda haraka ingemtosha kukwaruza tu. Huyu alikaa, akasugua kwa kukatisha huku na huku, akapima, akasugua tena.

"Baba mdogo hawezi," alisema. "Hata kikombe hakimtii."

"Naye kaka yako?"

"Kaka yangu akishika tupa anajikata."

Sajini alibaki na jina moja, lakini jina si ushahidi. Mwanasheria yeyote angesema kwamba mkono wa Spana hutulia siku nyingine. Lililomsumbua ni jambo lingine, akalisema kwa sauti: mtu hafuti mahali ambapo hapakuwa na kitu. Chini ya silinda palikuwa na nini?

Mwalimu hakujua. Hakuwahi kuifungua; mwizi alimtangulia. Akaanza kusema kwamba sehemu hiyo haionekani, kwamba kwa miaka yote imekaa juu ya gasketi. Alipolitaja neno hilo wote wawili waliinuka.

Saa tano na nusu walikuwa karakana. Mwalimu aliibandua ile karatasi ya kijivu taratibu kwa kisu chembamba. Upande wa juu, uliokuwa umebanwa na silinda, ulikuwa na vivimbe vitatu vidogo ambavyo mtu angeviona kuwa uchafu tu. Sajini alitoa kioo kwenye mkoba wake, akakiegemeza. Alama iliyogongwa kwenye bronzi ilikuwa imeivuta karatasi ndani yake na kuacha umbo lake, kinyumenyume. Kwenye kioo ilisomeka sawa: 417.

Sajini alipiga picha, akaandika saa. Alipoinua kichwa alimkuta Mwalimu ameigeuza karatasi, anautazama upande wa chini, ule uliokuwa umegandia chuma. Alisimama hivyo muda mrefu. Sajini hakumharakisha. Wala hakuwa ameuona upande huo, na Mwalimu alijua kwamba hajauona. Kisu kilikuwa bado mkononi. Kukwaruza mara mbili kungetosha.

"Afande," alisema mwishowe, "tazama na huku."

Gasketi ilikatwa kutoka kwenye kalenda ya ukutani. Neno Novemba lilikuwa kamili, pamoja na mwaka. Ulikuwa mwaka ule ule wa barua ya Spana.

"Mtu hachani Novemba kabla haijaisha," Mwalimu alisema. "Kalenda kama hii ilitundikwa pale juu ya jiliwa la kubania vyuma, msumari bado upo. Gasketi zote alizikata baba. Maana yake Desemba aliitoa hii silinda, akaweka gasketi, akaifunga tena. Ile namba alikuwa anaitazama usoni. Na Oktoba walikuwa wameshamfukuza baba mdogo kwa namba hiyo."

Alikaa chini. Alilia bila kujificha, na Sajini, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, alimshika bega.

Alhamisi saa nane mchana wote walikuwa karakana. Spana aliletwa bila pingu. Kinyozi alisimama mlangoni akiwa na aproni yake. Mnyapara alipewa kiti. Mkuu wa kituo mwenyewe alikuja, akidai alikuwa akipita tu.

Sajini alizungumza kwa ufupi. Alionyesha zile nati nne, akasema mwizi alifundishwa kazi karakana kuu. Alionyesha uso wa silinda, na rula juu yake. Alimwomba Spana ashike tupa, na kila mtu akaona ilivyokuwa ikigonga meza. Kisha akaweka barua ya kufukuzwa upande mmoja, gasketi na kioo upande wa pili, akamwita Mnyapara aje asome.

Mzee alisoma. Alirudi akakaa. Kwa mara ya kwanza mgongo wake ulipinda.

"Mzee wangu, uliniambia hii silinda uliikata mwenyewe," Sajini alisema. "Hiyo bronzi uliitoa wapi?"

Hakukana. Alisema kilikuwa kipande kimoja kati ya vingi stoo, na kwamba hakufikiri kuna mtu angekitafuta. Aliona marehemu anaijenga injini kwa vyuma vya kuokoteza, akataka kumpa kitu kizuri. Uso mmoja ulikuwa umeshanyooshwa kiwandani, akauacha kama ulivyo uwe wa kukalia, namba ikafichika chini. Wiki mbili baadaye ukaguzi ukaja. Mwenye ufunguo wiki ile alikuwa Spana.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza Spana. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia.

"Siku ya kwanza niliogopa. Siku ya pili walikuwa wameshakufukuza. Miezi mitatu baadaye wakanipa unyapara, na watu arobaini wakaanza kuniita bosi. Ningeanzia wapi?" Akajipangusa uso. "Jumatatu mtoto aliposema anaifungua, niliona karakana ya chuo, niliona jina langu ukutani, nikaona wanalifuta. Nilitaka kuitupa mtoni, nikashindwa. Niliikata nikiwa na miaka ishirini na saba. Sijawahi kukata nyingine nzuri kama ile."

"Ukaamua kuiweka kwangu."

Kinyozi aliangalia viatu vyake, kisha akasema, kwa taabu, kwamba anamwomba baba mdogo radhi. Spana alimtikisia kichwa. Mkuu wa kituo alikohoa akatoka nje, na askari wakamchukua Mnyapara, ambaye aliomba asishikwe mkono, wakamkubalia.

Sajini alifunga daftari. Alimwambia Spana kwamba yuko huru, na kwamba maelezo haya yatapelekwa reli, barua ile ifutwe kwa maandishi. Spana alianza kutabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyesahau linavyofanywa. Akamgeukia Mwalimu.

"Laiti baba yako angekuwepo leo. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akisema, huyu hakuiba."

Mwalimu angeweza kuitikia tu. Sajini alikuwa amemwambia asubuhi ile kwamba upande wa pili wa gasketi hauna ulazima katika kesi. Hakuna ambaye angemlaumu. Alimtazama mzee aliyemlea nusu ya maisha yake, akaona kwamba akinyamaza sasa atakuwa mtu wa tatu kumficha.

Alimwambia. Alimwonyesha Novemba, akamwonyesha msumari, akaeleza Desemba. Hakumtetea baba yake. Alisema kwamba baba aliacha kuijenga injini kwa sababu hiyo, na kwamba ile ada ya shule, na vile vibarua, sasa anajua vilitoka wapi.

Spana alisikiliza mpaka mwisho. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilichelewa kidogo.

"Basi hakuwa ananiamini," alisema. "Alikuwa anajua tu."

Mwalimu alipiga magoti, akaomba msamaha kwa niaba ya marehemu. Spana alimwinua, akamwambia si kosa lako, mwanangu, wewe umesema. Akatafuta kofia yake. Ilikuwa kichwani.

"Nilimbeba huyo mtu mpaka makaburini," alisema. "Mkono huu ukitetemeka, nikakataa kupokewa jeneza."

Alitoka. Mwalimu alimfuata amsindikize, naye hakumkataza. Walipofika kwenye kona Spana alisema ataendelea peke yake, na kwamba kesho wasimsubiri kwa chai.